Barua kwa Swahibu Aliyefunga Karakana

Makadara, Mombasa
12 Oktoba 2025

Swahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Waraka wako umenifikia juzi kwa mkono wa mpwa wako, pamoja na chupa ya asali, nami nakushukuru kwa vyote viwili. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto ndilo lenye maneno mengi kila asubuhi. Nimefurahi kusikia kwamba jicho lako limepona baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Sikufurahi kusoma kwamba umeifunga karakana, umewagawia vijana wako vifaa vyote isipokuwa sanduku moja la spana ambalo moyo umekataa kuliachilia, na kwamba sasa unakusudia kukaa tu hapo Voi na kumshukuru Mungu. Kumshukuru Mungu ni wajibu wetu sote. Huko kukaa tu ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Uliniuliza pia, kwa ile kejeli yako ya tangu tulipokuwa watoto wa Majengo, kama kikundi chetu cha wazee ni kitu cha maana au ni baraza la kahawa lililopewa muhuri. Jawabu la haki ni kwamba kilianza hivyo hivyo ulivyosema. Kilivyogeuka ni hadithi nyingine, na siwezi kukusimulia bila ya kuanza na mimi mwenyewe.

Unajua kwamba niliingia bandarini mwaka 1976, wakati Kilindini ikiwa bado chini ya shirika la bandari la Afrika Mashariki, na nikatoka mwaka 2014 nikiwa na miaka 60. Muda wote huo kazi yangu ilikuwa ni kuhesabu: magunia, makreti, na baadaye makontena, vijiti vinne vya penseli na mkwaju, yaani mstari wa tano wa kuvikata, juu yake, ukurasa baada ya ukurasa. Kiinua mgongo nilikipokea, nikaezeka upya nyumba ya marehemu mama, nikaoza binti, na kilichobaki kikaenda kama fedha ziendavyo. Lakini lililonishinda halikuwa fedha. Lililonishinda ni kwamba kila siku baada ya swala ya alfajiri nilikuwa navaa shati la kola, nafunga saa mkononi, kisha nakaa barazani bila ya mtu yeyote duniani kuniuliza kwa nini nimechelewa. Mama watoto alivumilia miezi minne, halafu akaniambia, kwa adabu zake zote, kwamba nimeanza kumhesabia vitunguu jikoni. Hali hiyo niliishi nayo, kwa namna moja au nyingine, kwa miaka minane.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimekuja kuona kwamba mstaafu hugeuzwa mgeni katika mji wake mwenyewe: anapishwa kiti, anasalimiwa kwa heshima, anatangulizwa chakula harusini, lakini ile siku ya tatu haifiki. Hakuna anayempa jembe.

Basi tulikuwa watu 11 wa barazani, tukaenda ofisi ya ustawi wa jamii, tukaambiwa kwamba sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10, katiba iliyoandikwa, na viongozi waliochaguliwa. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu ambaye sote twamwita Maalim, aliipenda sana habari ya katiba, na mpaka leo hafungui mkutano bila ya kutusomea kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya, kile kinachosema kwamba mzee ana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, ya kuishi kwa heshima, na ya kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na serikali. Nakiri kwamba mwaka wa kwanza tulikuwa tukikisikiliza kile kipande cha mwisho tu. Tulidhani tumejiandikisha ili tupewe.

Na tulipewa. Tarehe mosi Oktoba, ambayo Umoja wa Mataifa umeifanya siku ya wazee duniani, shirika moja ambalo sitalitaja lilituita uwanjani, likatuvisha fulana za rangi moja, likatukalisha chini ya hema tangu saa mbili asubuhi tukimngoja mgeni wa heshima, ambaye alifika saa nane mchana. Mwenzetu mmoja mwenye ugonjwa wa sukari alikuwa ameshaanguka. Mgeni alihutubia, tukapigwa picha tumeshika pakiti za unga wa kilo mbili mbili, tukarudishwa nyumbani. Katika tuktuk, Bi mmoja aliyekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 30, na ambaye ndiye aliyemwamsha yule mwenzetu kwa maji na sukari, alisema maneno ambayo siwezi kuyasahau: "Pale uwanjani, aliyejua la kufanya ni mimi, na hakuna aliyeniuliza jina." Wiki iliyofuata hatukuzungumzia misaada. Tulipitisha daftari, kila mtu akaandika kazi aliyoifanya maishani mwake, na hilo daftari ndilo lililotuzaa upya.

Yule Bi muuguzi sasa ana meza yake kila Alhamisi asubuhi, ya kupima presha bila malipo, na akimwona mtu ambaye namba zake hazimpendezi humpeleka zahanati mwenyewe, kwa miguu, akimsimulia njiani. Sitakaa sana kwenye kazi hiyo kwa sababu inajiendesha. Wanawake wa kikundi hiki wakishika jambo huwa limeshikwa. Sisi wanaume hupenda zaidi kuwa na ajenda.

Kazi iliyonipata mimi ni ya watoto. Maalim alifungua darasa la Jumamosi jioni kwa watoto wa mtaa ambao kusoma kunawapa taabu, akanipa mimi hesabu. Siku ya kwanza niliwafundisha kama nilivyokuwa nikiwasimamia makuli: sauti juu, kosa moja rudia kumi. Jumamosi ya pili walirudi watoto watatu kati ya 14. Maalim hakunigombeza mbele yao. Aliningoja nimalize, akaniambia kwamba meli hungoja karani, lakini mtoto hangoji. Nilikwenda nyumbani nimenuna. Jumamosi ya tatu nikaja na kikapu cha kokwa za ukwaju, nikawaonyesha vijiti vinne na mkwaju, nikawaambia kwamba hivi ndivyo meli nzima ya mchele ilivyokuwa ikihesabiwa kabla ya kompyuta, na kwamba karani akikosea gunia moja hapati usingizi. Wale watatu walihesabu kokwa zote. Mmoja wao, kisichana cha miaka minane, alinishika kosa langu mimi mwenyewe: nilisema 165, naye akasema 160, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Sasa wanafika ishirini na zaidi, na nikichelewa kwa dakika tano hutuma mjumbe nyumbani kuuliza kama ninaumwa.

Kazi hii ina faida nyingine ambayo hatuitangazi. Unajua vizuri yanayowapata wazee katika pwani yetu hii, hasa katika kaunti za Kilifi na Kwale, ambako mvi na macho mekundu vimetosha kumfanya mtu atuhumiwe uchawi na kuuawa, na mara nyingi ukichimbua chini ya tuhuma unakuta shamba linalogombewa. Mtoto aliyehesabu kokwa na mzee mwenye macho mekundu, akajua kwamba wekundu ule ni wa vumbi la saruji ya bandarini, sidhani kama atakuwa mwepesi wa kuyaamini maneno hayo akikua.

Kuna kazi ya tatu, na hii inakuhusu. Ule mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mzee aliyefikisha miaka 70, asiyepokea pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mimi simo kwa sababu nina pensheni. Wewe uliyejiajiri maisha yako yote unastahili, na hukuniambia kama umejiandikisha. Usidhani ni jambo jepesi. Wazee wengi wa rika letu walizaliwa nyumbani, na mwaka wa kuzaliwa uliandikwa kwenye kitambulisho kwa makadirio ya karani aliyekuwa na haraka, hivyo kuna mzee wa miaka 75 ambaye kwa karatasi ana 66. Kuna wengine ambao vidole vimelika kwa kufua, kusuka makuti au kupasua kuni, na mashine ya alama za vidole haiwasomi. Wenzetu wawili waliokuwa makarani wa serikali wamejitolea kuwasindikiza watu hao ofisi kwa ofisi, na ilipoanza bima mpya ya afya ya SHA Oktoba mwaka 2024 wakaongeza na hiyo. Tuna sharti moja lisilovunjwa: wanakwenda wawili daima, na hakuna anayeigusa namba ya siri ya simu ya mtu, hata akiombwa kwa machozi. Sharti hilo tuliliweka baada ya mjukuu wa bibi mmoja kumsaidia mpaka akamkausha.

Nisikufiche kwamba tumegombana pia, na ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya nauli. Wenye pensheni tulisema kujitolea ni kujitolea, na anayetaka kulipwa akatafute kibarua. Mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi alisimama akasema kwamba sisi tukitoa siku yetu tunatoa siku, lakini yeye akitoa siku yake anatoa chakula cha jioni. Nilikuwa upande wa wenye pensheni, na mpaka leo naona haya. Wazee wengi wa Mombasa hawakupata kuwa na mwajiri wa kuwawekea akiba; kuwaita wajitolee bila ya kuwatazama mkononi ni kuwageuza wafadhili wa jambo lisilokuwa lao. Sasa kila mwanachama mwenye pensheni hutoa shilingi 100 kila wiki, asiyenayo hutoa anachoweza, na mfuko huo hulipa nauli na chai ya kila aliye kazini. Hesabu naiandika mimi, kwa vijiti.

Tulilofeli ni la mikoko. Tuliona vijana wakipanda mikoko hori ya Tudor, tukaona na sisi tusibaki nyuma, tukaenda na miche 400. Mzee mmoja aliyekuwa mvuvi alituonya kwamba pale tulipopachagua ni mchanga mtupu, na kwamba bamvua, yale maji makuu ya bahari, likija litazoa kila kitu. Tukamwambia atakuwa amechoka. Bamvua likaja. Baada ya miezi mitatu nilikwenda kuhesabu, nikakuta 37, na nusu yake zimevishwa mifuko ya plastiki kama majeruhi. Maalim mwenyewe alizama mpaka magotini, ikabidi vijana wamng'oe kama mhogo. Tangu hapo yule mvuvi ndiye anayesema wapi na lini. Vijana huingia topeni, nasi hukaa kivulini kukuza miche ya mchu, aina nyingine ya mikoko, kwenye vifuko, maana mkoko wenyewe hauhitaji kitalu: tunda lake huota likiwa bado mtini, nawe huchomeka tu.

Sasa nije kwenye haja yangu. Katika stoo ya kikundi tuna viti vitatu vya magurudumu tulivyopewa na watu mbalimbali, na hakuna hata kimoja kinachokwenda: kimoja kimekatika ekseli, kimoja beringi zimesagika, cha tatu sijui kina nini, ila kinakwenda upande kama kaa. Fundi wa hapa mtaani alitutajia bei ambayo mfuko wetu hauwezi kuikaribia. Na kuna mama mtaa wa pili ambaye hajatoka chumbani kwake tangu mfungo wa Ramadhani, si kwa kuwa hawezi kukaa, bali kwa kuwa hakuna cha kukalia. Mwanawe ameniuliza mara mbili, na mara ya pili nikamwambia, bila ya idhini yako, kwamba kuna fundi anakuja kutoka Voi.

Kwa hiyo panda treni Jumatano ijayo, ushuke Miritini, nami nitakuwa nje ya stesheni nimevaa shati la kola. Chumba cha uani kimeshafagiliwa. Njoo na lile sanduku la spana, na kitambulisho chako pia usikisahau, maana wale makarani wetu wawili wamekwisha kukuandika katika orodha yao ya Alhamisi.

Nisalimie watu wote wa nyumbani.

Ndimi swahibu yako,
Karani