Kabla ya msasa, fungua chini ya kiti

Ndugu Mhariri,

Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, huku Mtwara nayaona magari yaliyolala miaka chini ya mikorosho yakivutwa kwa kamba kupelekwa gereji. La marehemu baba yangu ni mojawapo. Naomba nafasi niwaambie wenzangu jambo moja: fundi asishike msasa kabla hamjajua gari lilitoka kiwandani na rangi gani. Mimi nilichelewa, tena nusu ya gari.

Ni Land Rover 109, ile ndefu, toleo la zamani la Series IIA. Baba alilinunua mnadani, akawa analibebesha korosho kutoka Newala, na sikukuu ya Idi akitubeba sisi. Liliponishukia mimi kama urithi, bodi ilikuwa nzima kwa sababu ni ya alumini. Kilichooza ni pale alumini inapogusana na chuma. Hewa ya chumvi ya hapa Mikindani imepakula hadi pakatoa unga mweupe.

Fundi akaniuliza, "Mwalimu, tupige rangi gani?" Nikamjibu bluu, kama ilivyokuwa. Jioni nikampigia kaka yangu aliyeko Masasi, akaja juu. Gari la baba kijani! Yeye ananizidi miaka mitatu na hukumbuka kila kitu, au hudai hivyo. Tukabishana siku mbili. Siku ya tatu nafika gereji, nakuta kijana wa fundi amekwisha kukwangua ubavu wote wa kushoto kwa grenda, alumini inang'aa kama sufuria mpya. Alisimama pembeni akisubiri asante. Nikampa soda, maana kosa lilikuwa langu, sikumwambia mtu asubiri.

Ubavu wa kulia nikaukalia mwenyewe na kigoda. Nilichukua msasa wa maji, namba 800 kisha 1200, nikachagua mahali padogo karibu na bawaba ya mlango, nikasugua polepole kwa mzunguko, huku nikimwagia maji. Ukisugua hivyo rangi hufunguka kwa miviringo kama kitunguu kilichokatwa. Ya juu ilikuwa bluu. Nikafurahi. Chini yake kijani, nikanuna. Chini ya kijani ikatokea kijivu.

"Hiyo si rangi, Mwalimu, ni praima," akasema fundi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, nami ningepotea kama nisingekuwa mbishi. Praima, yaani rangi ya msingi inayopakwa kwanza, huwa butu, na ukiisugua kwa kompaundi, ile dawa ya kung'arisha rangi, haileti mng'ao wa maana. Kijivu ile niliisugua kwa kitambaa na kompaundi, ikang'aa hadi nikaona kivuli cha kidole changu. Nikaendelea na msasa, na chini yake ikatokea kijivu nyingine, butu, tofauti kabisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa praima.

Fundi hakuridhika. Basi tukang'oa kiti cha mbele, tukafungua kifuniko, tukafuta grisi ya miaka yote kwa mafuta ya taa. Kijivu tupu. Hakuna bluu wala kijani, kwa sababu mtu anayepiga rangi gari la kazi hajisumbui kufungua viti. Kiwandani walipaka hata kusikoonekana. Nyuma ya kibao cha namba, kijivu. Nyuma ya dashibodi, hivyo hivyo. Na huko ndiko pa kuchukulia sampuli, kwani boneti imepigwa jua la kusini na rangi yake haisemi kweli. Nilipotafuta orodha za rangi za Land Rover za miaka ile nikakuta ipo, inaitwa Mid Grey. Ringi zilikuwa Limestone, ambayo mafundi huigeuza nyeupe ya shuka wakati yenyewe inaelekea kwenye tui la nazi.

Wako watakaosema someni namba ya chasisi. Ya kwetu inaanza na 252, yaani 109 ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje. Rangi haimo. Wenye Toyota wana nafuu, kibao chao cha utambulisho kina alama C/TR, yaani rangi ya nje na ya ndani, na namba ya rangi pale pale, kwa mfano 040 ni nyeupe. Mwenye Land Rover ya zamani anaweza kuandikia jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, Uingereza, ambako hutunzwa madaftari ya kiwanda na hutolewa vyeti kwa malipo. Picha za zamani msizitegemee. Tunayo moja ya baba amesimama mbele ya gari, nyeusi na nyeupe, na kila mmoja wetu anaiona rangi yake.

Kwa hiyo kaka alikuwa sahihi kabla yangu, na wote wawili hatukuijua ya kwanza. Kijivu hiyo hakuna aliye hai katika ukoo wetu aliyewahi kuiona barabarani.

Nimepiga bluu. Kadi ya gari imeandikwa bluu, na kubadilisha rangi ni safari ya TRA ambayo magoti yangu hayaitaki. Pia bluu ndiyo baba aliyoilipia. Lakini chini ya kiti nimekataa paguswe. Siku ya kupuliza, fundi alipaziba kwa selotepu na kurasa za gazeti lako, Mhariri, ukurasa wa michezo, nadhani. Kaka bado hajaja kuliona.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara