Tukifukua mto wa kale, tusiuue mto ulio hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wachimbaji wadogo wa Chunya tunalichukulia kwa wepesi mno, nalo ni mahali tunapoyapeleka maji na mchanga baada ya kuosha changarawe za mito ya zamani.

Mto unapofukiwa, dhahabu yake haiendi popote. Kwa kuwa ni nzito, hubaki chini kabisa, katika changarawe iliyolalia mwamba, na ndiyo maana watu huifuata hata pale ambapo juu yake pameota miti. Huko California, nchini Marekani, mito iliyotiririka mamilioni ya miaka iliyopita ilifunikwa na majivu ya volkano, dhahabu ikiwa ndani. Kuanzia mwaka 1853 wachimbaji waliifukua kwa nguvu ya maji, yaani maji yaliyoletwa kwa mifereji kutoka milimani yalibanwa katika mdomo wa chuma na kuelekezwa kwenye kilima mpaka kilima chenyewe kikaporomoka. Tope lote liliachiwa Mto Yuba. Kitanda cha mto kikapanda hadi kuzidi mitaa ya mji wa Marysville, mafuriko yakaingia mjini, na mashamba ya wakulima yakafukiwa. Wakulima walikwenda mahakamani, na tarehe 7 Januari 1884 Jaji Lorenzo Sawyer akapiga marufuku kutupa mashapo hayo mtoni.

Hukumu ile ilizuia tope, lakini haikuirudisha zebaki, ile metali ya majimaji yenye sumu, iliyokwisha kumwagika. Wachimbaji wale waliimwaga katika mifereji ya mbao ili inase chembe ndogo za dhahabu, na nyingi ikapotelea mtoni. Hadi leo, zaidi ya miaka 140 baadaye, wakazi wa huko wanaonywa wasile kwa wingi baadhi ya samaki wa maji hayo.

Sisi hatuna mipira ya maji ya namna ile, lakini zebaki tunayo. Nimemwona kijana akiikoroga kwa kiganja kitupu ndani ya karai, akaikamua kwa kipande cha kanga hadi kikabaki kidonge cheupe, kisha akakichoma juu ya mkaa, mama mwenye mtoto mgongoni akiwa amekaa hatua tatu tu kutoka kwenye moshi ule. Maji ya karai aliyamwaga palepale, kwenye mteremko unaoshuka mtoni. Mto Lupa maji yake huishia Ziwa Rukwa, na ziwa hilo lina wavuvi wanaolitegemea kama sisi tunavyotegemea mchanga.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, kwa hiyo sidai sheria mpya. Ninachoomba ni kwamba kila mwalo, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, uwe na bwawa lake la tope mbali na ukingo, na kwamba vifaa vya kunasa moshi wa zebaki vifikishwe machimboni kwa bei ambayo mchimbaji wa karai anaimudu, kwani faini peke yake humfanya mtu achome usiku. Naomba pia maofisa wa madini waje kabla ya mvua za Novemba, kwa sababu marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yamerundikwa ukingoni sasa hivi, na mvua kubwa ya kwanza itayashusha yote mtoni.

Mchimbaji mdogo,
Chunya, Mbeya