Mjomba, ndondo nayo ni habari

Shikamoo mjomba. Najua hii utaisoma tu, binti yako ataku-forwadia hata nisipomwambia, kwa hiyo naandika waziwazi. Kwenye kile kikao cha harusi ulisema mbele ya watu eti ada yote ile ya chuo cha uandishi wa habari halafu mtoto anazunguka viwanja vya vumbi Igoma na Buhongwa kwenye ndondo, mechi za mtaani, kuandika nani kamfunga nani, eti mpira anaandika yeyote, bora nivae tai nisome taarifa ya habari. Watu wakacheka, na mi nikacheka, sema lilinikaa.

Si we mwenyewe ulinilisha Pamba, timu yetu ya Mwanza? Nimekua nasikia wachezaji wake kina Fumo Felician, George Masatu, ubingwa wa 1990, mama anasema timu iliposhuka 2001 uligoma kuongelea mpira, na walivyopanda tena 2024 baada ya miaka 23 ulinipigia usiku unapiga kelele tu. Huko nyuma nako kuna mtu alikaa jukwaani uwanja wa Kirumba na daftari lake mjomba.

Na usidhani ndondo ni rahisi. Ligi kuu unapewa karatasi ya vikosi, huku namba 7 wa kipindi cha kwanza sio namba 7 wa kipindi cha pili, jezi ni ile ile mtu kaivua imelowa jasho akamvalisha mwenzie. Unauliza nani kafunga, unaambiwa Chuma. Chuma nani? Chuma tu, yule wa kwa mama muuza sato. Unamkimbilia Chuma mwenyewe keshapanda bodaboda, anakutajia jina, mshikaji wake anadakia we hilo si la timu ile nyingine, kumbe jamaa ni mamluki, kasajiliwa huku na huku! Hapo stori imeshageuka, na jina lazima uliandike sawa maana kesho mnabanana nae kwenye daladala.

Halafu habari za mtaa zinapatikana hapo hapo. Juzi mechi imechelewa, mtu kamwaga mawe na mchanga wa kujengea katikati ya uwanja, refa anazunguka na filimbi yake, watu wanabishana uwanja ni wa shule, wa mtaa au umeshauzwa. Nikaachana na mpira nikamfuata mwenyekiti wa mtaa, akanirusha kwa mtendaji, mtendaji akataka barua ya chuo, nikapeleka. Bado sijaandika, nina upande mmoja tu na mwalimu wetu stori ya upande mmoja hata haimalizi kuisoma. Siku hiyo hiyo kuna mzee alinipa mkono, kumbe ndani ana elfu kumi, "ya soda kijana". Nikamrudishia, akanuna. Wakongwe wanaiita nauli, na mi naona hiyo ndo inayoiua hii kazi, vumbi linanawika.

La kwamba mpira anaandika yeyote, hapana mjomba, tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 mambo ni ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi, na cheti pekee hakitoshi. Hiyo ya kuvaa tai nisome taarifa ya habari ikija sikatai.

Ila nina shida. Nataka kuandika Pamba ya 1990 kwa macho ya waliokuwa jukwaani na we ulikuwepo. Yale magazeti uliyoyafungia kwenye sanduku nakuja kuyapiga picha Jumapili, na nitakurekodi. Nijibu inbox basi, sio kwenye grupu la familia.