Barua kwa mpwa wangu: lipi utaliacha?

Mpwa wangu,

Marahaba. Orodha yako imefika, nami nimeisoma kwa makini. Kwa kuwa umeniruhusu nikujibu mbele ya watu mradi nisikutaje jina, na kwa kuwa wenzako wengi wamekwama papo hapo ulipokwama wewe, najibu hapa.

Mambo ni kumi na moja. Kuna ripoti kubwa ya ofisini, kozi ya takwimu uliyoilipia, tovuti za watu unazotengeneza usiku, ukatibu wa kamati, mazoezi, Kifaransa, kumtembelea mama yako, na mengine ambayo hata wewe uliyaandika kwa aibu kidogo. Mwisho ukauliza: "Mjomba, nianze na lipi?" Usiogope, sitakuletea habari za fisi na njia mbili zilizomshinda. Yule alikuwa nazo mbili tu.

Kinachonisumbua ni swali lenyewe. Ukiuliza uanze na lipi, umeshakubali kimoyomoyo kwamba yote kumi na moja yatafanyika, kilichobaki ni kuyapanga foleni. Hayatafanyika yote. Uamuzi unaoukwepa ni wa kutaja lipi halitafanyika, nani ataambiwa hivyo, na nani atanuna. Ndiyo maana watu wenye akili zao hununua madaftari ya ratiba, wakapakua programu za kupangia kazi, wakapaka nyekundu, njano na kijani, na mwezi ukiisha mzigo ni uleule. Rangi haimkatalii mtu.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi tuanzie huko. Chukua kazi tatu, kila moja inataka wiki nzima ya nguvu zako. Ukizifanya moja baada ya nyingine, ya kwanza inaisha wiki ya kwanza, ya pili wiki ya pili, ya tatu wiki ya tatu. Ukizifanya kwa zamu, leo hii, kesho ile, keshokutwa nyingine, zote zinaisha siku za mwisho za wiki ya tatu. Ile ya tatu haikupata faida yoyote kwa wewe kuigusa mapema, na wenye zile mbili za mwanzo wamesubirishwa bure. Hapo bado nimekupendelea, kwani nimejifanya kwamba kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine hakuna gharama.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo leo watu wa viwanda na wa kompyuta wanaitumia kila siku. Inasema hivi: mradi hali haibadilikibadiliki, idadi ya vitu vilivyo mkononi kwa wastani ni sawa na kasi ya kuvimaliza ukizidisha na muda ambao kila kimoja kinakaa. Igeuze upande wako. Kama unamaliza mambo mawili kwa mwezi na unayo kumi na moja mkononi, basi kila jambo litakaa kwako kwa wastani miezi mitano na nusu. Ukibaki na manne, kwa kasi ileile, ni miezi miwili. Hujaongeza bidii hata chembe, hujaamka alfajiri, hujajinyima usingizi. (Najua mazoezi na mama si vitu vya kumalizwa. Lakini saa vinazokula ni zilezile.)

Na ile gharama ya kuhama ipo. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapohamia kazi nyingine kabla hajaimaliza ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na kazi mpya inafanywa na mtu nusu. Ulipoandika kwamba ukikaa kwenye ripoti unawaza tovuti, na ukikaa kwenye tovuti unawaza ripoti, ukamalizia kwamba labda una tatizo la akili, nilicheka. Huna tatizo. Una mambo kumi na moja.

Sasa tuje kwenye kinachokupotezea siku. Mwaka 1954, kwenye mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni mjini Evanston, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alisema ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu. Ya haraka si ya muhimu, na ya muhimu kamwe si ya haraka. Mwenyewe alikiri kwamba maneno hayo aliyapata kwa mkuu mmoja wa zamani wa chuo. Baadaye wengine wakayachora kuwa mraba wa vyumba vinne, na bila shaka umeshauona kwenye semina. Mraba ule siuamini sana. Ukimpa mtu aliyechoka, kila kitu atakiweka kwenye chumba cha "muhimu na haraka", kisha ataondoka na mchoro mzuri.

Ninachokiamini ni kwamba haraka ina sauti na umuhimu hauna. Watafiti Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha mwaka 2018 majaribio yanayoonyesha kwamba watu huchagua kazi yenye muda mfupi hata pale ambapo kazi isiyo na haraka ina malipo makubwa zaidi. Muda mfupi peke yake unatosha kutuvuta. Kwa hiyo usijiulize tu jambo hili ni muhimu kiasi gani, maana ukiwa na mapenzi kila jambo ni muhimu. Jiulize: nisipolifanya, nani ataniuliza, na lini? Ripoti, bosi atauliza Ijumaa. Kamati, mwenyekiti atapiga simu usiku huohuo. Tovuti, mteja ameshatuma ujumbe wa sauti. Mazoezi, hakuna atakayeuliza kwa miaka mingi, halafu atauliza daktari. Na mama yako hataulizia kabisa. Atasema "najua una kazi nyingi, mwanangu", na atakuwa anamaanisha hivyo.

Yale yasiyo na wa kuyaulizia ndiyo unayotakiwa kuyawekea saa kwanza, kabla siku haijaanza kugawiwa na wengine. Yasiwe mengi. Mawili yanatosha. Kama utachagua mazoezi na mama, sina la kuongeza.

Kozi ya takwimu ndiyo tutakayogombana nayo. Nimeona ulivyoandika: "siipendi tena, na kazini wamenihamishia idara isiyoihitaji, lakini nimeshalipa na nimeshafika nusu." Mpwa wangu, soma sentensi hiyo kama imeandikwa na mtu mwingine. Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kujenga ndege ya Concorde mwaka 1962. Gharama zikapanda mara kadhaa kupita makadirio, na mashirika ya ndege yaliyoonyesha nia ya kununua yakajitoa moja baada ya jingine. Kazi ikaendelea. Mwishowe ni ndege 14 tu zilizoingia kwenye huduma ya abiria, kuanzia 1976 hadi 2003, zote kwa mashirika ya nchi hizohizo mbili. Ilikuwa ndege nzuri ajabu, sikatai, na siasa ilikuwa na mkono wake. Lakini wachumi hadi leo wakitaka kueleza kosa la kuendelea na jambo kwa sababu tu limeshagharimu, huitaja Concorde. Ada uliyolipa imekwenda, uendelee au uache. Kilichobaki mikononi mwako ni jioni za miezi ijayo, na hizo hujazilipa bado.

Usinielewe vibaya, sisemi kila kisicho na faida ya wazi kiachwe. Charles Darwin alitumia miaka minane, kutoka 1846 hadi 1854, akichunguza viumbe wadogo wa baharini wanaojibandika kwenye miamba na matumbo ya meli, huku muhtasari wa nadharia yake kuhusu chimbuko la spishi ukiwa umelala mezani tangu miaka ya 1840. Kitabu kikaja kutoka 1859. Mjomba wa aina yangu angemwandikia barua kali, na angekuwa amekosea, maana uchunguzi ule ndio uliompa ujuzi na heshima mbele ya wanasayansi wenzake. Tofauti ni kwamba Darwin hakuwa amekaa kwenye viumbe vile kwa kuwa ameshalipia. Alivitaka, hata vilipomchosha. Je, takwimu unaitaka? Kama jibu ni ndiyo, futa aya yangu ya Concorde, uendelee, na Kifaransa kisubiri.

Kitu kingine: makadirio yako. Umeandika ripoti itachukua wiki mbili. Roger Buehler na wenzake, katika utafiti wa 1994, waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangemaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema karibu siku 34. Walipoambiwa wakadirie mambo yakienda kombo kabisa, walisema karibu siku 49. Zilichukua zaidi ya 55. Yaani hata ubaya waliouwaza haukufikia ukweli. Basi hizo wiki mbili zihesabu kuwa tatu na ushee, kisha uangalie tena kama bado una nafasi ya tovuti mpya. Tovuti unayoitengeneza sasa imalize, umekula hela ya mtu. Mpya usipokee mpaka ripoti itoke.

Kuhusu bosi, wewe huna mamlaka ya kukataa, naelewa. Lakini unayo mamlaka ya kuonyesha. Mpelekee alichokupa kikiwa kimeandikwa, pamoja na muda wa kila kimoja, umwambie: "Nikianza hili jipya, ripoti itasogea hadi mwisho wa mwezi. Nifuate lipi?" Wengi watakwambia fanya yote, hiyo ni tabia yao. Uliza tena, kwa upole, kipi kitangulie. Akichagua, umepata jibu. Akikataa kuchagua, angalau siku ya lawama mtakuwa na karatasi moja mezani.

Na kuna nyakati ambazo hakuna cha kuamua. Mtoto akizaliwa, mtu akiugua nyumbani, umakini wako umeshachukuliwa, na ushauri wote wa aina hii unakuwa kelele. Wewe kwa sasa huko hauko, ndiyo maana nakubana.

Kamati nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo unayoiogopa. Walipokuomba ukatibu ulisema "nitajaribu". Wewe ulidhani umekataa kwa heshima, wao wakasikia umekubali. "Nitajaribu", "tutaona", "nitaangalia nafasi": maneno haya yanaonekana laini, lakini ni madeni, na kila siku unayokaa kimya yanazaa riba. Hapana ya mapema inamuudhi mtu siku moja, naye anatafuta mwingine. Ndiyo isiyotekelezwa inamuudhi kila wiki, na mwingine hamtafuti kwa kuwa wewe upo. Waandikie hivi, wala usiongeze maelezo: "Sitaweza kuendelea na ukatibu baada ya kikao kijacho. Kumbukumbu zote nitamkabidhi mtakayemchagua." Ukianza kueleza sababu, watakutatulia kila sababu moja baada ya nyingine, kisha utabaki katibu.

Utakayoyaweka kando yatakuja kukugongea kichwani usiku, hilo nalo ulitegemee. Bluma Zeigarnik aliandika tangu 1927 kuhusu namna kazi ambazo hazijaisha zinavyong'ang'ania kumbukumbu. Lakini mwaka 2011 Masicampo na Baumeister walionyesha jambo la kutuliza: huhitaji kuimaliza kazi ili ikuachie, inatosha kuifanyia mpango mahususi. Kwa hiyo Kifaransa usikiandike "baadaye". Andika mwezi, siku na hatua ya kwanza, kisha funga daftari. Mwezi huo ukifika ukaona hukitaki tena, kifute bila kuomba radhi.

Yale mengine matatu madogo nimeyaacha bila kuyasema. Saba kati ya kumi na moja ni kazi zako. Hayo matatu umeyaandika kwa sababu uliona wenzako wanayafanya, na mwenyewe unajua. Lile la kumi na moja, la kulala mchana siku za Jumapili, sijui kwa nini umelipanga pamoja na kazi. Liendelee.

Kikao cha kamati ni Jumamosi, kwa hiyo barua yao iende kabla ya Alhamisi. Ukitaka niisome kwanza nitaisoma, ila ikizidi mistari mitatu naikata.

Mjomba wako