Lushoto panafaa kwa likizo ya baiskeli, ila mlima uko njia ya kurudi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wasomaji wanaofikiria kupeleka baiskeli za mbio Lushoto, wapange chumba siku nne au tano, na kila asubuhi watoke kuendesha bila mizigo. Mpango ni mzuri. Kulala mahali pamoja kunakupa jiko lile lile, kamba ya kuanikia nguo, na uhuru wa kuahirisha safari mvua ikinyesha. Lakini kuna jambo ambalo nyumba za wageni hazikuambii unapopiga simu kuulizia chumba: Lushoto iko juu. Karibu kila njia ndefu ya lami inaanza kwa kuteremka na kuisha kwa kupanda, na usipopanga siku yako kwa kulikumbuka hilo, utaumia.

Ulaya, wenye mazoea ya likizo hizi mara nyingi huchagua kijiji cha bondeni. Kinachojulikana sana ni Le Bourg-d'Oisans, Ufaransa, kilicho mita 720 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishatoka kijijini unaanza mara moja kupanda Alpe d'Huez: kilomita 13.8, kona 21 kali, mwinuko wa wastani wa asilimia 8. Mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalimalizikia huko juu kwa mara ya kwanza mwaka 1952, akashinda Mwitaliano Fausto Coppi, na tangu hapo watu wanamiminika kuujaribu mlima ule. Anayeishiwa nguvu katikati anageuza baiskeli na kuteremka hadi alikolala.

Sasa tazama kwetu. Mombo, penye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, ni mita 400 na kidogo. Lushoto ni karibu mita 1,400. Kati yake kuna kilomita 33 za lami kupitia Soni. Ukigawanya unapata wastani wa asilimia 3, na wengi wakiona namba hiyo hudharau. Wastani unadanganya, kwa sababu sehemu kubwa ya kupanda imerundikana kati ya Mombo na Soni. Kutoka Soni kwenda Lushoto barabara inafuata bonde na inapumzisha miguu. Asubuhi utaiteremka sehemu ile ngumu ukiwa na nguvu zote, hewa ya baridi ikikupiga usoni, halafu uipande jua likiwa limewaka. Hata Iten, kule Kenya, iliyo mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa Bonde la Kerio, ina tabia hiyo hiyo.

Kulala Mombo si dawa. Joto la usiku kule chini halikupi usingizi wa kupumzisha misuli. Dawa ni saa. Usitoke gizani, maana asubuhi ukungu hutanda na dereva hakuoni. Subiri kupambazuke vizuri, toka saa kumi na mbili na nusu, uwe Mombo saa mbili. Pumzika robo saa, jaza maji, anza kupanda. Kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa utakuwa Soni kama saa nne na robo, na joto la bondeni litakuwa limebaki nyuma yako. Asiyejiamini asifike Mombo mara ya kwanza. Kwenye sehemu ile kali, kila dakika 10 za kuteremka zitakudai dakika 25 hadi 30 za kupanda. Tazama saa yako, ugeuze mapema.

Kabla ya hayo yote, hesabu meno ya gia zako. Baiskeli nyingi za mbio za zamani, zile za mitumba, zina sproketi ndogo ya mbele yenye meno 39 na kubwa ya nyuma yenye meno 25. Kwa mizunguko 60 ya pedeli kwa dakika, gia hiyo inakulazimisha kwenda karibu kilomita 12 kwa saa. Kwenye mwinuko mkali hilo ni jambo la mwanamashindano. Wengine mizunguko inashuka hadi 40, wanakanyaga kwa magoti badala ya mapaja, na siku ya pili goti limevimba. Ukiweka 34 mbele na 32 nyuma, mizunguko ile ile 60 inakupeleka kilomita 8 kwa saa, mwendo ambao mtu wa kawaida anaweza kuudumu. Angalia tu deraila, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo: yenye mkono mfupi haiwezi kubeba meno 32, na mnyororo nao utahitaji kuongezwa pingili. Fundi aifanye kazi hiyo mjini, wiki moja kabla, ili upate muda wa kuijaribu.

Chakula nacho kina hesabu yake. Mtu wa kilo 75 mwenye baiskeli, maji na vifaa vya kilo 12, akipanda mita 1,000, miguu yake inafanya kazi ya kilojuli 850 hivi. Kwa kuwa mwili hugeuza takribani robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo, hiyo ni karibu kilokalori 850 kwa kupanda peke yake. Kula gramu 40 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa, au chapati iliyokunjwa mfukoni. Anza kula Mombo kabla hujasikia njaa. Maji yawe chupa mbili za mililita 750. Ukitoka jasho jingi, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Nije kwenye breki, maana hapo ndipo watu huvunjika. Nguvu zote ulizopandia, wakati wa kushuka zinataka pa kutokea: nyingine zinaishia kwenye upepo, zilizobaki zinaingia kwenye rimu, ile duara ya gurudumu inayobanwa na raba za breki, kama joto. Anayeteremka mwendo wa pole akiwa amebana breki muda wote ndiye anayechemsha rimu. Upepo ndani ya tyubu unapanuka, kiraka kinaachia, na tairi linapasuka katikati ya kona. Rimu za kaboni za breki za raba ni mbaya zaidi, zinaweza kuharibika kabisa kwa joto, ziache nyumbani. Namna sahihi ni kuachia kwenye nyoofu, kisha kubana kwa nguvu breki zote mbili kabla ya kona, ukiachia unapoanza kuinama. Kubana mkiwa mmeshainama, wewe na baiskeli, ndiko kunakotelezesha gurudumu. Lami ikiwa imelowa, anza kubana mapema zaidi, kwa sababu raba lazima kwanza ifute maji kwenye rimu kabla haijashika.

Kila jioni fungua magurudumu uangalie raba. Zina mifereji, mifereji ikikaribia kufutika, badilisha. Utaona pia vichembe vinavyong'aa vimejikita ndani ya raba. Ni alumini ya rimu yako, na kila unapobana vinaendelea kuikwangua. Vichokoe kwa ncha ya pini, kisha sugua uso wa raba kwa msasa. Ni kazi ya dakika tano.

Upande wa vipuri, usitegemee sana mafundi wa njiani. Ni hodari, lakini baiskeli wanazozijua ni za mizigo, na tyubu walizonazo mara nyingi ni pana na valvu yake ni nene, haipiti kwenye tundu la rimu ya mbio. Beba tyubu tatu, viraka, solusheni, raba za breki seti moja, na spoku mbili za kila urefu unaotumika kwenye magurudumu yako. Beba na kifungulio cha sproketi za nyuma: spoku ikikatika upande wa mnyororo, huwezi kuingiza mpya bila kuzitoa sproketi kwanza. Tairi za milimita 28 zinafaa kuliko za 23, na kwa mtu wa kilo 70 upepo wa PSI 70 hadi 75 unatosha. Ukijaza 110, baiskeli itarukaruka kwenye kila kiraka cha lami.

Kwenye buti la basi, toa gurudumu la mbele na pedeli zote mbili. Pedeli ya kushoto hufunguka kinyume, kwa kuzungusha spana upande wa saa. Wasiojua huikaza hadi uzi unakufa. Laza baiskeli deraila ikiwa juu, na simama hapo hadi mizigo mingine iishe kupakiwa.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba, pamoja na Januari na Februari. Masika, Machi hadi Mei, tope na mawe huporomoka barabarani. Mvua kubwa ikinyesha usiku, kesho yake pumzika, nenda Irente kwa miguu ukatazame nyika iliyo chini. Siku ya kwanza panda kuelekea Magamba, lami ikiisha geuza. Siku ya Mombo iwe ya pili au ya tatu, na kesho yake miguu ilale.

Wenye nyumba za wageni nao wana la kufanya, na gharama yake ni ndogo: chumba chenye kufuli cha kuwekea baiskeli, pampu ya kusimama yenye kipimo, bomba la kuoshea, na chai na uji mezani saa kumi na moja na nusu. Zaidi ya hayo, wawe na namba ya dereva mmoja wa Noah au Canter aliyekubali bei mapema ya kumfuata mgeni aliyekwama kati ya Mombo na Soni. Mgeni aione bei hiyo imebandikwa ukutani kabla hajatoka asubuhi.

Mwendesha baiskeli,
Tanga