Kupandisha Kitonga nako mkuandikie

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa Mafinga, dereva wa malori. Kwenye gazeti kila siku naona habari za kupanda, mtumishi kapanda daraja, timu imepanda ligi kuu (sie wa nyanda za juu hatujasahau Mbeya City walivyopanda 2013, msimu wa kwanza tu wakamaliza wa tatu), bei za vitu ndo usiseme. Ila huku kwetu kupanda kwenyewe ni mlima Kitonga wa Iringa, kwenye barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya, na watu wanadhani hatari pale ni kwa anayeshuka tu, breki zikifeli.

Mzigo wa bandarini wa Zambia na Kongo, saruji, mbolea, mafuta, yote inapandia hapo. Unatoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto na mibuyu unaanza mlima, unashusha gia mpaka namba moja, mwendo wa mtu wa miguu, injini inaunguruma na mshale wa joto nao unapanda. Hapo ukikosa gia gari inarudi nyuma na nyuma yako kuna foleni. Utingo anatakiwa awe keshafungua mlango, jiwe mkononi, aruke akalitie nyuma ya tairi. Sasa gari ikishatengemaa wanaondoka jiwe linabaki katikati ya barabara, usiku bodaboda anakuja analivaa. Hili linaniuma sana, madereva wenzangu tuondoeni mawe jamani, ni kazi ya dakika moja!

Halafu nyie wa mabasi na gari ndogo, sie hatupandi taratibu kwa kupenda, mnapiga honi mnaovateki kwenye kona ambayo humuoni anayeshuka, na anayeshuka kapakia viazi vya Mbeya hawezi kusimama ghafla hata angetaka.

Waliojenga TAZARA, reli ya kwenda Zambia, miaka ya 70 walijua kupanda huku si mchezo, kipande cha Mlimba mpaka Makambako ni mahandaki na madaraja tu. Mzigo mzito ukirudi kwenye reli barabara itapumua.

Ombi langu, tumeni mwandishi apande lori kutoka Ruaha Mbuyuni mpaka Ilula, akae mbele na dereva, ashuke na utingo kutafuta jiwe, aandike alichokiona ili trafiki na TANROADS wanaosimamia barabara kuu wasome.

Dereva, Mafinga