“Shetani alinipitia” si toba

Ndugu Mhariri,

Fedha za jumuiya au za kwaya zikiliwa, utetezi ni ule ule: shetani alinipitia. Biblia haikubali. Luka 22:3 inasema wazi kwamba Shetani alimwingia Yuda, lakini ole ni ya Yuda mwenyewe (Mathayo 26:24). Yeye ndiye aliyeshika mfuko, na alikuwa akichota humo kabla ya usiku ule (Yohana 12:6). Vipande 30 alivyopokea ni fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe (Kutoka 21:32). Sisi wa Bagamoyo, ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kulea waliokombolewa utumwani, tuisome hesabu hiyo polepole.

Wengi husahau kwamba Yuda alijuta, akakiri, akarudisha fedha zote. Ila alizipeleka kwa makuhani waliomlipa, nao wakamwambia ayaangalie mwenyewe. Kwa Yesu, ambaye yeye alimsaliti, hakurudi, wala kwa wale kumi na mmoja. Petro alikana mara tatu, akalia, lakini alibaki na wenzake mpaka akaulizwa mara tatu uso kwa uso (Yohana 21).

Basi mweka hazina aliyekula fedha asiishie kulia madhabahuni kisha akahamia kanisa jingine. Ataje kiasi, akabidhi daftari na stakabadhi, aseme atalipa lini na kwa awamu ngapi, mbele ya wale aliowadhulumu. Walawi 6:5 inataka alipe mali yote na sehemu ya tano juu yake: aliyekula 100,000 arudishe 120,000. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, nayo inafundisha kwamba ondoleo hufuta dhambi, lakini aliyeiba bado anapaswa kurudisha.

Nasi tuliodhulumiwa tuna wajibu. Mathayo 18:15-17 inaanza na wawili faraghani, kisha shahidi mmoja au wawili, ndipo kanisa. Tukianzia kwenye kundi la WhatsApp, mtu hutoroka na deni lake, na familia yake hubeba aibu isiyo yao.

Akishalipa asamehewe kweli, akae na wenzake, lakini asirudishiwe ufunguo. Paulo mwenyewe hakukubali mchango uende bila wasindikizaji (2 Wakorintho 8:19-21). Sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio wa nyumba moja, hapo hapo baada ya ibada, wote watie sahihi, na ipelekwe benki Jumatatu.

Mzee wa jumuiya,
Bagamoyo